Kifua Kisichokohoa

Mimi nina hasira za karibu. Nasema mapema ili usije ukashangaa mbele. Mama mzazi alikuwa akisema mtoto huyu huchemka hata kabla ya maji. Na kazi yangu ni uuguzi, tena wa mlangoni. Mimi ndiye unayekutana naye ukiingia katika hospitali yetu ndogo nje ya Barabara ya Ngong, upande wa Woodley: meza, kalamu, mashine ya presha, na uso wa Jumatatu hata siku ikiwa Ijumaa. Nakuuliza una nini, unaniambia, halafu naamua ukae wapi. Anayevuja damu anaingia ndani moja kwa moja. Mwenye mafua anangoja. Watu hudhani kazi hiyo ni ya kuandika, kumbe ni ya kusikia, na siku ninayotaka kuisimulia masikio yangu yalikuwa likizo.

Ilikuwa Jumamosi ya Julai, katika ile baridi ya Nairobi ya kuvaa sweta mbili na bado ukauliza chai iko wapi. Benchi la kikohozi lilikuwa limejaa. Hilo ni benchi la nje, chini ya bati, tunakowaketisha wanaokohoa ili wasiwakoholee wenzao. Tangu asubuhi kila aliyefika mezani kwangu alikuwa na maneno mawili tu: "Nina kifua." Najua wapo watakaocheka, maana nani hana kifua? Lakini kwetu Nairobi mtu akikuambia ana kifua, ujue anakohoa. Mtoto ana kifua, baba ana kifua, mwalimu ana kifua na amewagawia darasa zima. Kufikia saa tatu na nusu nilikuwa nimesikia vifua mpaka mkono ukawa unaandika wenyewe.

Saa nne kasorobo bodaboda ikaingia mpaka mlangoni, jambo ambalo bawabu wetu hulikataza kila siku na kila siku hushindwa. Wakashuka wanawake wawili. Wa kwanza alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, na kichwa chake kilinifanya nisahau salamu. Upande wa kushoto kilikuwa kimesukwa mistari mizuri ya kulala. Upande wa kulia nywele zilikuwa zimesimama wima, utadhani zimeona polisi. Wa pili alikuwa mama wa miaka kama sitini, amevaa aproni ya saluni, kichana cha mkia kimechomekwa kichwani, na vipande vya nywele za kusukia vimeng'ang'ania sweta yake. Hukuhitaji kuuliza. Huyu alikuwa msusi wa Kenyatta Market, na yule alikuwa kazi yake iliyokatika katikati.

"Sasa mama. Shida ni gani?"

"Nina kifua, sista."

"Kinauma?"

Akafikiri kidogo. "Hapana. Hainiumi."

Mkono wangu ukaandika. Nikampa barakoa, nikamwonyesha benchi. Sikumpima hata presha, eti foleni ilikuwa ndefu. Yule msichana akafungua mdomo aseme kitu.

"Wewe ndiye mgonjwa?" nikamuuliza.

"Zii, lakini mathe ame—"

"Basi mwache mwenye kifua aende na kifua chake."

Akaufunga mdomo. Nilijiona hodari sana, na nikamwita anayefuata.

Zikapita dakika ishirini. Nazijua kwa sababu nilikuja kuzihesabu mara nyingi baadaye. Kisha mkono ukaigonga meza yangu hadi kalamu ikaruka. Alikuwa yuleyule wa nusu kichwa.

"Sista, wee! Huyu mathe hajakohoa!"

"Rudi nyuma. Kuna foleni."

"Foleni gani? Nimekaa na yeye hapo kitambo. Kila mtu kwa hiyo benchi amekohoa. Mzee amekohoa, mtoto amekohoa, hata mimi nimeanza kukohoa na nilikuja nikiwa poa. Yeye peke yake hajakohoa hata moja!"

Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kumpasha. Lakini jicho likanitoka likaenda benchini. Mama alikuwa ameishusha barakoa kidevuni. Mkono mmoja ulishika taya. Mwingine alikuwa ameukunja ngumi na kuubandika katikati ya kifua. Na paji la uso wake liling'aa kwa jasho. Julai. Sisi wengine tulikuwa na sweta mbilimbili.

Niliogopa. Sitaki kulipamba neno hilo, niliogopa, na hasira zote zikaniisha mwilini kama maji kwenye sinki. Nikamkimbilia na kiti cha magurudumu, nikamwingiza ndani huku namwita daktari kwa sauti. Mimi ni mtu wa magharibi mwa Kenya, sauti yangu ilizoea kumwita mtu ng'ambo ya mto. Daktari alinisikia, na sidhani wauzaji wa miche kando ya barabara hawakunisikia.

Chuoni tulikuwa na mwalimu mmoja aliyetembea na rula. Mwanafunzi akimuuliza mgonjwa "Kinauma?", rula ilitua mezani pa! "Hilo swali la mvivu," alikuwa akisema. "Mgonjwa atakujibu ukweli mtupu na ukweli huo utamzika. Muulize kinafanya nini." Miaka kumi na tano nimelijua somo hilo. Siku ile ndipo lilipozinduka, likiwa limechelewa dakika ishirini.

"Mama, kifua kinafanya nini?"

"Kinabana, mtoto wangu. Ni kama mtu ameketi hapa." Akaikaza ngumi. "Mtu mnono."

"Na hapo kwa taya?"

"Hiyo ni jino. Niko na jino mbovu."

"Jino la juu ama la chini?"

Akalitafuta kwa ulimi. "Sasa leo silioni vizuri."

"Mkono wa kushoto?"

"Wee, sista, msusi na mkono! Miaka thelathini nasuka, siku gani mkono haujaniuma?"

"Na jasho?"

"Drai. Saluni iko na drai tatu za kukausha nywele."

Akacheua, nikamuuliza, akaniambia ni nyama choma ya jana, mbavu, alikula pale sokoni na majirani. Majirani wenyewe walikuwa wameshampima. Mchoma nyama alisema ni gesi, akamletea maji moto na ndimu. Msusi wa kibanda cha pili alisema ni ulsa, akamletea magadi. Mama wa mitumba alisema ni mtu amemwonea kijicho, akamwekea mkono kichwani na kukemea. Alipewa kila kitu isipokuwa kitanda. Ana kisukari? Ndiyo, mwaka wa nane, lakini amekizoea.

Sasa ona ujanja wa ugonjwa huo. Kila dalili ilikuwa na kisingizio chake tayari. Mkono ulikuwa na kazi ya kusingizia, jasho lilikuwa na drai, kucheua kulikuwa na mbavu, na taya lilikuwa na jino. Ukizichukua moja moja, zote zina majibu na mama anarudi sokoni. Ukiziweka kwenye kikapu kimoja, tena kikapu cha mama wa miaka sitini mwenye kisukari, ambacho kinaweza kuufanya moyo unung'unike chini chini badala ya kupiga kelele, hapo hupumui. Kwangu hilo lilikuwa shambulio la moyo mpaka nithibitishiwe kwamba siyo. Nikambandika waya za mashine ya kuchora moyo. Presha, sukari, hewa kwenye damu, sindano ya mshipa: vyote nilivyostahili kuvifanya mwanzo nikavifanya kwa mbio.

Karatasi ikatoka. Daktari wetu ni kijana anayeongea kama redio, huongea hata akitafuna. Aliishika ile karatasi, akaangalia mistari yake, akanyamaza. Kwa kunyamaza kwake nilipata jibu.

"Aspirini," akasema. "Atafune."

"Mama, una mzio wa dawa yoyote? Una vidonda vya tumbo?"

"Ulsa? Niko nazo."

Hapa Nairobi kila mtu ana ulsa, hata asiye na tumbo. "Nani alikupima?"

"Hakuna. Najijua tu."

"Umewahi kutapika damu? Choo kimewahi kuwa cheusi kama lami?"

"Hapana! Wee, sista, unauliza maswali mbaya mbele ya kastoma wangu."

Maana kastoma wake alikuwa mlangoni, hajatoka. Mama akatafuna aspirini, akakunja uso, akasema afadhali magadi. Tukaita ambulensi, na daktari akaipigia simu hospitali kubwa yenye mafundi wa kuzibua mishipa ya moyo. Walimuuliza swali moja, akaniangalia mimi.

"Wanataka kujua ilianza saa ngapi."

Nikamuuliza mama. "Kitambo," akasema.

"Kitambo gani? Jana? Leo?"

"Si leo tu. Kitambo kidogo. Nilikuwa nasuka."

Huko kwenye simu hawaandiki kitambo. Moyo uliozibwa hufa polepole, na saa ndiyo inayowaambia wamebakiwa na kiasi gani cha kuokoa. Nikahisi ile hasira yangu inarudi, safari hii ikinijia mimi mwenyewe. Ndipo yule msichana akasema pale mlangoni, nusu kwa kunong'ona, "Mimi nilijua kuna kitu, juu ya vile aliacha kuniumiza."

"Aliacha nini?"

"Kuniumiza. Huyu mathe akikusuka unaona nyota. Hiyo ndiyo sababu tunamfuata, lines zake hazitoki miezi miwili. Sasa leo akaanza vizuri, nikalia vizuri, halafu ikafika mahali nikasikia raha. Nikajiuliza, kwani huyu leo ameokoka?"

Nikamketisha. "Ulikaa kwa kiti saa ngapi?"

"Saa mbili kamili. Dada yangu analipiwa mahari leo saa nane, huko Muthangari, singechelewa."

"Mstari mmoja unamchukua muda gani?"

Mama akajibu mwenyewe kutoka kitandani, na sauti yake ilikuwa na fahari: "Dakika kumi. Hata usiku na stima ikipotea, dakika kumi."

Basi mimi, muuguzi mwenye cheti ukutani, nikaanza kuvuta nywele za mtu. Nilianzia juu ya sikio la kushoto. Mstari wa kwanza nikauvuta kwa kidole. "Aii!" Wa pili. "Aii!" Wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita, "Sista, pole pole!" Wa saba, "Uuui!" Nikavuta wa nane. Kimya. Nikauvuta tena. Msichana akainua mabega. Kidole changu kiliingia chini ya mstari ule bila hata kubisha hodi. Wa tisa ulikuwa umelegea zaidi. Wa kumi ulikuwa umeanza kufumuka.

"Mistari saba imekaza," nikamwambia daktari. "Dakika sabini. Ilimshika saa tatu na dakika kumi."

Akaitaja saa hiyo kwenye simu bila kueleza imetoka wapi. Namshukuru mpaka leo. Wakati ambulensi inafunga mlango, mama aliinua kichwa kwenye machela, akamnyooshea msichana kidole. "Zimebaki sita! Usikubali mtu mwingine azimalize, watakuharibia!" Msichana akaitikia huku analia, akajifunga leso, akaenda Muthangari na mistari kumi.

Mama alifikishwa kwa wakati. Mshipa ulizibuliwa siku ileile. Taarifa ilipotufikia Jumatatu, mkubwa wetu wa wauguzi alinisimamisha mbele ya wenzangu kwenye kikao cha asubuhi, akasimulia habari ya mistari saba, watu wakapiga makofi. Nililetewa mandazi. Niliyala. Kwenye karatasi nilikuwa nimeandika kwa haki saa aliyofika na saa niliyompima, mwenye macho angeona pengo lilipo. Hakuna aliyetazama, na mimi mdomo ulikuwa umejaa mandazi.

Oktoba nikaenda Kenyatta Market. Nilijiambia naenda kusukwa. Ukipita moshi wa nyama unafika kwa wasusi, nao hawakungoji uulize, wanakushika mkono: "Auntie, kuja nikusuke! Auntie, hizo nywele zinalia!" Niliwapita wote hadi nikamwona kwenye kiti chake, amekonda kidogo, kichana kikiwa palepale kichwani.

"Sista wa moyo!" akapiga kelele. Kibanda kizima kikageuka. Mchoma nyama aliitwa. Mama wa mitumba aliitwa. Nilisimuliwa hadithi yangu mwenyewe mbele yangu, imeongezwa chumvi mpaka mistari saba ikawa kumi na saba, nami nikatabasamu kama bibi harusi. Siku hizi, akaniambia, anasuka vichwa viwili tu kwa siku, halafu analala. Lakini mimi angenisuka hata kama ningekuwa wa tatu.

Akaanza. Na wee, alikuwa amepona mikono! Nilivutwa mpaka nyusi zikapanda. Kila mstari ulinikumbusha benchi. Alikuwa akinisifu huku akinivuta, na kati ya sifa na kuvutwa sikujua kipi kinaniuma zaidi. Kufikia mstari wa kumi na nne nikashindwa.

"Mama, siku ile nilikuweka kwa benchi ya kukohoa. Hukustahili kukaa hapo. Ulisema kifua, mimi nikasikia kikohozi. Nilikosea."

Mikono ikasimama kichwani mwangu. Redio ya jirani iliendelea na mambo yake.

"Dakika ngapi?"

"Ishirini."

"Hiyo ni mistari miwili," akasema.

Akavuta pumzi, nikaisikia shingoni.

"Nilijua," akasema. "Niliona wenzangu wanakohoa, wanaitwa. Nikasema labda nikikohoa kidogo na mimi nitaitwa. Nikajaribu. Ikakataa kutoka."

Hapo nilianza kulia, na si kwa sababu ya nywele. Akaniambia, kwa sauti ya mtu anayesoma hali ya hewa, kwamba daktari wa moyo alimwonyesha kwenye picha kipande kidogo cha moyo, upande wa chini, kilicholala. Hakitaamka. Ndiyo sababu ya vichwa viwili kwa siku. Hakusema ni dakika zangu zilizokilaza, wala hakusema si zangu. Hakuna daktari anayeweza kusema. Kisha akachomeka kichana kwenye nywele zake na kukung'uta aproni.

"Haya, umeisha."

Nikajishika kichwa. Upande wa kulia, juu ya sikio, nywele zilikuwa zimesimama. "Mama, bado miwili!"

"Najua kuhesabu. Mimi nilikaa na miwili yangu. Na wewe kaa na yako. Rudi Jumamosi."

"Mama, niko kazini wiki nzima!"

"Mimi pia nilikuwa kazini."

Sokoni walicheka wakashikana. Nilirudi nyumbani na kishungi kama cha kuku wa kwetu. Jumapili kanisani mchungaji alinitazama mara mbili. Jumatatu mkubwa wetu wa wauguzi akaniuliza kama saluni iliungua. Nikamwambia ukweli wote, kuanzia benchi hadi kishungi. Hakucheka. Siku iliyofuata kikabandikwa kikaratasi juu ya meza ya mlangoni, kwa mwandiko wake: KIFUA KINAFANYA NINI?

Jumatano akaja mzee mmoja mwenye koti la mvua.

"Nina kifua, sista."

Nikagusa kishungi. Nikaweka kalamu chini, nikamtazama usoni. "Pole, mzee. Kifua chako kinafanya nini?"

Akanikazia macho kama aliyeuliza njia na kuoneshwa ukuta. Halafu akanikoholea, kifua kizima, usoni. Sikukasirika. Nilifuta miwani, nikampima presha, nikamwonyesha benchi.

Jumamosi nilifika sokoni mapema mno. Kiti chake kilikuwa kitupu. Kichana kilikuwa juu ya kiti, peke yake, na sikuwahi kumwona mama huyo bila kichana. Nikasimama pale, nikamwomba Mungu maneno ambayo hayakuwa na mpangilio. Ndipo akatokea nyuma ya kibanda na kikombe cha chai isiyo na sukari.

"Umeogopa?" akaniuliza.

"Nimeogopa, mama."

"Vizuri. Keti."

Akanywa chai yake mpaka ikaisha, bila haraka. Kisha akagawanya kishungi kwa mkia wa kichana na kuanza mstari wa kwanza. Alivuta kutoka mzizini, machozi yakanitoka, nikashika mikono ya kiti. Akainama karibu na sikio langu.

"Inauma ama inabana?"

"Inauma, mama! Inauma!"

"Basi uko mzima," akasema, na akaanza wa pili.